Steve Jobs na Bill Gates: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu tabia zao na kilichowasukuma

Majina haya mawili hayatajwi pamoja bila ubishi kuzuka. Hapa tumekusanya maswali yanayorudi katika ubishi huo, tukianza na mepesi na kuishia na yale ambayo kwa kawaida hayafikiwi kwa sababu kahawa imekwisha na watu wameanza kuaga.

## Ya kuanzia

Kwa nini hulinganishwa hawa wawili na si wengine?

Kwa sababu ni marika kamili. Jobs alizaliwa San Francisco tarehe 24 Februari 1955, Gates akazaliwa Seattle tarehe 28 Oktoba mwaka huohuo. Wote waliacha chuo bila shahada. Wote walianzisha kampuni mwezi Aprili, Gates Microsoft mwaka 1975 na Jobs Apple mwaka 1976, kila mmoja akiwa na rafiki pembeni: Gates na Paul Allen, Jobs na Steve Wozniak.

Wakifanana hivyo, ndipo tofauti zao zinapochomoza. Microsoft iliuzia programu zake kila mwenye kiwanda cha kompyuta aliyetaka kununua. Apple iliuza mashine nzima na programu yake ndani, na haikupenda mtu wa nje aiguse. Ukilishika hilo, nusu ya maswali yaliyobaki unaweza kuyajibu mwenyewe.

Walikulia maisha ya aina moja?

Hapana. Gates ni mtoto wa wakili, na mama yake, Mary, alikaa kwenye bodi za benki na mashirika ya hisani. Alisoma Lakeside, shule ya binafsi ambako mwaka 1968 umoja wa akina mama uliuza vitu vilivyotumika ili kulipia mashine iliyounganishwa na kompyuta ya mbali. Mtoto kupata kompyuta ya kuchezea mwaka ule, hata Marekani kwenyewe, ilikuwa kama leo kumkabidhi ndege.

Jobs alizaliwa na wanafunzi wawili, Joanne Schieble na Abdulfattah Jandali, kijana kutoka Syria, kisha akalelewa na Paul na Clara Jobs. Paul alikuwa fundi wa mashine na magari ambaye hakumaliza sekondari. Mama mzazi aligoma kusaini hati za kumtoa mtoto mpaka walezi walipoahidi kwamba atasomeshwa chuo. Ahadi waliitimiza. Jobs akakaa Reed College muhula mmoja, akajiondoa, akaendelea kujipenyeza kwenye madarasa aliyoyapenda, likiwemo la kuandika herufi nzuri kwa mkono.

Wengi hurukia hapo: mtoto aliyetolewa na wazazi lazima akue akitaka kutawala kila kitu. Hiyo ni saikolojia ya kijiweni, na Jobs mwenyewe aliikataa. Mimi naona zaidi mkono wa baba mlezi, aliyemfundisha kwamba upande wa nyuma wa uzio lazima ujengwe vizuri sawa na wa mbele, hata kama hakuna atakayeuona. Mwaka 1982 Jobs aliwasainisha watu wa timu iliyounda kompyuta ya Macintosh, na saini zao zikatiwa ndani ya kasha la mashine, mahali ambapo mnunuzi hapaoni kabisa.

Nani kati yao alikuwa fundi kweli?

Gates. Yeye na Allen waliandika BASIC, lugha ya kuandikia programu, kwa ajili ya kompyuta ya Altair 8800 bila mashine yenyewe kuwa mbele yao. Allen alitengeneza programu ya kuiga chipu yake kwenye kompyuta ya Harvard, wakaandika kwa kutumia hiyo, kisha akasafiri nayo hadi Albuquerque ikafanya kazi. Jobs hakuwa mwandishi wa programu wala mbunifu wa saketi. Apple I na Apple II ni akili ya Wozniak. Kipaji cha Jobs kilikuwa kujua kitu gani hakijawa kizuri bado, na kuwakera watu mpaka kiwe.

## Nani alimwibia nani

Ni kweli Gates aliiba DOS, mfumo endeshi wa kompyuta ndogo za IBM?

Hakuiba. Alifanya kazi ambayo mtu yeyote aliyewahi kununua kitu Kariakoo anaijua: alikuwa winga. IBM walimjia mwaka 1980 wakitafuta programu za kompyuta yao ndogo. Mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiendesha mashine, hakuwa nao kwenye rafu. Kwanza aliwaelekeza kwa Gary Kildall, mwenye mfumo endeshi ulioitwa CP/M. Mambo ya huko yalipokwama (swali linalofuata), Microsoft ikaenda kwa kampuni ndogo ya eneo lake, Seattle Computer Products, ambako Tim Paterson alikuwa ameandika mfumo unaofanana na CP/M, na huo ndio ukaja kuwa DOS. Mpaka kuumiliki wote walilipa kama dola 75,000, na muuzaji hakuambiwa mteja aliyekuwa nyuma yao ni nani. Baadaye kampuni ile ilishtaki, wakamalizana kwa malipo.

Lakini winga wa kawaida hutosheka na cha juu. Gates aliwaachia IBM mfumo kwa fedha kidogo, akabakiza haki ya kuuza mfumo uleule kwa wengine. IBM PC ilitoka tarehe 12 Agosti 1981. Waigaji wa mashine hiyo wakafuata mmoja baada ya mwingine, na kila mwigaji ikabidi apite mlangoni kwa Gates. Kijana wa miaka 25, mbele ya kampuni kubwa kuliko zote za kompyuta, aliona kwamba mali haimo kwenye chuma. Mtu akitaka kumjua Gates kwa tukio moja tu, ningempa hili.

Si inasemwa Kildall alikosa utajiri kwa sababu siku hiyo alikwenda kurusha ndege?

Ndivyo inavyosimuliwa, na inamwonea. Kweli alikuwa amesafiri kwa ndege yake, lakini kwa shughuli za kikazi. Mkewe, Dorothy, aliyekuwa akisimamia mikataba ya kampuni, alisita kusaini hati ya usiri ya IBM iliyoegemea upande mmoja. Hatimaye IBM walikubali kuuza CP/M pia, ila kwa dola 240 huku DOS ikiuzwa dola 40. Hapo mnunuzi ahangaike na nini?

Na Jobs, hakuwaibia Xerox, kampuni ya mashine za fotokopi?

Aliingia kwa mlango, tena kwa malipo. Mwaka 1979 Xerox waliruhusiwa kununua hisa 100,000 za Apple kwa dola milioni 1 kabla hazijafika sokoni, nao Apple wakaruhusiwa kutazama kazi za maabara ya PARC: madirisha kwenye kioo, aikoni, kipanya. Baadhi ya watafiti wa pale, Adele Goldberg akiwemo, walipinga waziwazi wageni wale kuonyeshwa. Wakubwa wao waliamuru waonyeshwe. Apple nao wakaongeza ya kwao, kama menyu za kushuka kutoka juu na kipanya cha bei nafuu chenye kitufe kimoja.

Kilichowaudhi watu si ile ziara. Ni kwamba Jobs alikuwa mwepesi wa kujisifu kwa kuchukua mawazo mazuri ya wengine, na mzito wa kusamehe yanapochukuliwa ya kwake.

Basi Windows iliibwa kutoka Macintosh?

Microsoft ilikuwa inaandika programu za Macintosh kabla mashine haijazinduliwa Januari 1984, kwa hiyo ilishaona mambo ya ndani. Windows ilipotangazwa mwishoni mwa 1983, Jobs alimwita Gates na kumfokea mbele ya watu. Andy Hertzfeld, mmoja wa walioijenga Macintosh, alisimulia kwamba Gates alijibu kwa mfano wa jirani yao tajiri aitwaye Xerox: yeye alivunja nyumba ya jirani aibe televisheni, akakuta Jobs ameshaibeba.

Kisheria mambo yalikuwa makavu zaidi. Mwishoni mwa 1985, Jobs akiwa ameshaondoka, John Sculley, mkuu wa Apple, alisaini makubaliano yaliyoiruhusu Microsoft kutumia baadhi ya vipengele vya Macintosh kwenye Windows. Apple iliposhtaki mwaka 1988, saini hiyo ikawa mwiba. Sehemu kubwa ya madai ilianguka mwaka 1992, na rufaa nayo ikashindwa mwaka 1994.

## Tabia kazini na nyumbani

Nani alikuwa bosi mkali zaidi?

Ukali walikuwa nao wote, ila haukuwa wa aina moja. Gates alishambulia hoja. Kikaoni aliweza kumwambia mtu kwamba hajawahi kusikia jambo la kijinga kama hilo, na mtu akijibu kwa takwimu akasimama imara, mara nyingi mambo yaliishia hapo. Jobs alimshambulia mtu mwenyewe. Asubuhi wewe ni gwiji, jioni hufai hata kufagia, na wiki ijayo wazo lako analirudisha kwako kama la kwake.

Kuna jambo dogo la magari ambalo kwangu linawapambanua kuliko maelezo marefu. Gates alikiri kwamba miaka ya mwanzo alikariri namba za magari ya wafanyakazi wake, akichungulia maegesho ajue nani yupo na nani ameshaondoka. Jobs aliendesha Mercedes isiyo na namba kabisa, na alizoea kuiegesha kwenye nafasi ya walemavu. Yule anataka kujua kila mtu yuko wapi. Huyu anataka kanuni zinazowahusu watu wengine zisimhusu yeye.

Ni kweli Jobs alimdhulumu Wozniak?

Kwa maelezo ya Wozniak, ndiyo. Katikati ya miaka ya 1970 Jobs alipewa na Atari, kampuni ya michezo ya video, kazi ya kutengeneza mchezo wa Breakout wenye chipu chache. Aliyeukesha usiku akiuunda ni Wozniak. Jobs alimwambia malipo ni dola 700, akampa nusu yake, 350. Miaka mingi baadaye Wozniak akajua kwamba kulikuwa na bonasi ya maelfu ya dola ambayo hakutajiwa. Jobs alikana kwamba ilikuwa hivyo. Wozniak alisema kilichomuuma ni kufichwa: angeambiwa tu kwamba fedha zinahitajika, angeziacha zote.

Na Gates, hakumfanyia Allen kitu kama hicho?

Hili husahaulika, hasa na mashabiki wa Gates wa leo. Allen alidhani watagawana nusu kwa nusu. Gates alidai 60 kwa 40, baadaye ikawa 64 kwa 36, kwa hoja kwamba yeye ndiye aliyefanya kazi kubwa zaidi. Mwaka 1982 Allen aligundulika kuwa na saratani ya tezi za limfu. Katika kumbukumbu alizochapisha mwaka 2011 alieleza jinsi alivyowasikia Gates na Steve Ballmer, meneja mwenzao Microsoft, wakijadili namna ya kupunguza sehemu yake kwa sababu kazi yake ilikuwa imepungua. Aliingia chumbani akawakabili. Wote wawili walimwomba radhi, lakini mwaka 1983 aliondoka. Hisa zake hakuziuza kwa bei aliyotajiwa, na zikamfanya bilionea.

Ukiweka visa hivi viwili pamoja, Jobs alificha fedha; Gates alipiga hesabu bila kuficha sana, na hesabu yenyewe ilikuwa baridi kama barafu. Sijui kipi kinauma zaidi.

Suala la binti yake Jobs lilikuwaje?

Lisa alizaliwa mwaka 1978. Jobs alimkana hata baada ya kipimo cha damu kuonyesha uwezekano mkubwa kwamba ni wake, na mama wa mtoto alikuwa akipokea msaada wa serikali. Wakati huohuo Apple ilikuwa ikitengeneza kompyuta iliyoitwa Lisa, iliyotoka mwaka 1983, na kampuni ikabuni maelezo ya kiufundi ya jina hilo. Miaka mingi baadaye Jobs alikubali kwamba ni jina la mwanawe. Mtoto alikuja kuishi naye alipokuwa mkubwa kidogo. Hakuna namna ya kulipamba suala hili.

Kwa nini Jobs alifukuzwa kwenye kampuni aliyoianzisha?

Fahali wawili hawakai zizi moja. Alimtoa Sculley Pepsi mwaka 1983, na miaka miwili baadaye bodi ikamchagua Sculley. Kiufundi Jobs alijiuzulu Septemba 1985, baada ya kunyang'anywa kila kitu cha kusimamia.

Kesi ya serikali dhidi ya Microsoft ilionyesha nini kuhusu Gates?

Ilifunguliwa Mei 1998, kuhusu jinsi Microsoft ilivyotumia nguvu ya Windows kukibana kivinjari cha Netscape. Gates alihojiwa kwa siku tatu mbele ya kamera, akabishana na wakili juu ya maana ya maneno ya kawaida kabisa na kusema hakumbuki barua pepe zake mwenyewe. Vipande vya video vilipoonyeshwa mahakamani, jaji alionekana akicheka. Mwaka 2000 Jaji Thomas Penfield Jackson aliamuru kampuni igawanywe mara mbili. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ilitengua amri hiyo, ingawa ilikubali kwamba Microsoft ilitumia vibaya uwezo wake.

Nadhani kile kiti kilimfunua. Hakuweza kumpa mpinzani hata pointi moja, hata pale ambapo kuitoa kungemsaidia.

## Fedha, kutoa na nia

Nani alipenda fedha zaidi?

Fedha ziliwafuata wote, lakini tazama walivyozishika. Apple ilipoingia soko la hisa Desemba 1980, Jobs alimnyima hisa Daniel Kottke, rafiki wa chuoni aliyesafiri naye India na aliyefanya kazi tangu siku za gereji. Wozniak aliona aibu, akagawa na kuuza kwa bei ya chini sehemu ya hisa zake kwa wafanyakazi walioachwa. Kutoa ni moyo.

Hata hivyo mwaka 1985 Jobs huyohuyo aliuza hisa zake zote za Apple isipokuwa moja, akatumbukiza fedha kwenye kampuni yake mpya ya kompyuta, NeXT, na mwaka 1986 akanunua kitengo cha picha za kompyuta kilichokuja kuwa Pixar, kikamla fedha kwa miaka kabla ya filamu yake ndefu ya kwanza kutoka mwaka 1995. Mpenda fedha angekimbia mapema. Mwishowe utajiri wake mkubwa ulitokana na Disney kuinunua Pixar mwaka 2006 kwa dola bilioni 7.4.

Kwa hiyo kila mmoja alisukumwa na nini hasa?

Haya ni maoni yangu. Gates alitaka kushinda, na fedha zilikuwa ubao wa magoli. Februari 1976, akiwa na miaka 20, aliwaandikia wapenda kompyuta barua ya wazi akiwaita wezi kwa kunakili BASIC yake bila kulipa, wakati wenzake walizoea kupeana programu kama watu wanavyopeana chumvi. Tangu siku hiyo nia ni ileile: awe ndani ya kila mashine, na kila anayepita aache ushuru. Ubora wa kitu ulikuwa jambo la pili, ndiyo maana matoleo ya mwanzo ya Windows yalitoka mabovu bila yeye kuona haya.

Jobs alitaka kuwa mwamuzi. Kompyuta ifunguke au isifunguke, herufi zikae vipi, duka liwe na sakafu gani. Afadhali auze chache zilizo kama anavyotaka kuliko nyingi zilizochezewa na wengine. Kwa miaka 20 nia ya Gates ilimshinda kabisa, halafu simu ya iPhone ya mwaka 2007 ikageuza meza.

Kwa nini Jobs hakujulikana kwa kutoa sadaka?

Aliporudi Apple mwaka 1997 alifunga mipango ya hisani ya kampuni, akisema kwanza irudi kwenye faida. Faida ilirudi, mipango haikurudi mpaka Tim Cook aliposhika usukani mwaka 2011.

Hisani ya Gates si njia ya kujisafisha tu?

Muda wenyewe unatia shaka: taasisi yake ilichukua sura ya sasa mwaka 2000, mwaka uleule wa hukumu ya Jackson. Lakini mtu hajisafishi kwa robo karne na zaidi. Fedha hizo zimegusa huku kwetu moja kwa moja. Zilichangia majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo vituo vyake vilikuwemo Bagamoyo, Korogwe na Kilifi, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza Oktoba 2021. Mei 2025 alitangaza kwamba atatoa karibu mali yake yote na kuifunga taasisi mwishoni mwa 2045.

Wakati huohuo AGRA, shirika la kilimo cha Afrika lililoanzishwa mwaka 2006 kwa fedha zake na za taasisi ya Rockefeller na lenye makao Nairobi, linalaumiwa na vyama vya wakulima kwa kuwasukuma kwenye mbegu za dukani na mbolea za viwandani. Na Aprili 2021, dunia ilipoomba hataza (haki za wavumbuzi) za chanjo za UVIKO-19 zilegezwe, Gates alipinga. Wiki chache baadaye taasisi yake ikalegeza msimamo. Mwandishi wa ile barua ya 1976 alikuwa bado yumo.

Vikao vyake na Jeffrey Epstein, tajiri aliyekuwa amehukumiwa kwa makosa ya ngono, havina utetezi. Gates mwenyewe alisema mwaka 2021 kwamba lilikuwa kosa kubwa.

## Ya pembeni

Ni kweli Gates aliiokoa Apple mwaka 1997?

Aliisaidia, na alijisaidia. Apple ilikuwa imepata hasara ya zaidi ya dola bilioni 1 mwaka huo. Mnamo Agosti, huko Boston, Jobs alitangaza kwamba Microsoft inanunua hisa zisizo na kura za dola milioni 150 na itaendelea kuitengenezea Macintosh programu zake za Office kwa miaka mitano. Nao Apple walikifanya kivinjari cha Microsoft kuwa cha kwanza kwenye mashine zao, na ugomvi wa hataza ukazikwa. Serikali ikiwa inainyemelea Microsoft, mshindani aliye hai alikuwa na thamani kubwa. Uso wa Gates ulipojaa kwenye skrini, ukumbi ulizomea. Jobs baadaye alijuta kuikubali picha ile: yeye mdogo jukwaani, Gates mkubwa juu yake.

Jobs hakushiriki dhambi kama za Gates dhidi ya ushindani?

Alishiriki. Apple, Google, Intel, Adobe na wengine waliafikiana kutochukuliana wafanyakazi, jambo lililobana mishahara ya wahandisi. Barua pepe zilizotolewa mahakamani zilimwonyesha Jobs akipokea habari kwamba mtumishi wa Google wa kutafuta wafanyakazi aliyevunja makubaliano amefukuzwa, akajibu kwa alama ya tabasamu tu. Mwaka 2015 kampuni hizo nne zilikubali kulipa dola milioni 415. Kwa hoja ya Xerox na wivu wake juu ya mawazo, rudi kwenye kundi la pili.

Larry Ellison wa Oracle anaingia wapi?

Rafiki mkubwa wa Jobs, adui wa Gates. Mwaka 2000 ilibainika kwamba Oracle ilikodi wapelelezi waliojaribu kununua takataka za kikundi kilichoitetea Microsoft. Ellison alijivunia. Ukimweka karibu yao, wote wawili wanaonekana wapole.

Walichukiana mpaka mwisho?

Hapana. Mei 2007 walikaa jukwaa moja, wakazungumza kama wazee waliopigana vita vilevile kutoka pande mbili. Mwaka 2011, Jobs akiwa mgonjwa sana, Gates alikwenda nyumbani kwake Palo Alto wakaongea kwa saa kadhaa. Baadaye alimwandikia barua. Jobs alifariki tarehe 5 Oktoba 2011, na mjane wake, Laurene, alimpigia Gates simu kumwambia kwamba barua ile ilikuwa kando ya kitanda cha mumewe.